Miaka saba kwenye dirisha la methadoni

Watu wanaandika maoni kuhusu saluni, kuhusu hoteli, kuhusu fundi simu aliyewabadilishia kioo kibovu. Kuhusu dirisha hili sijaona aliyeandika, nalo ndilo lililonirudisha nyumbani kwa mama yangu. Acha niandike mimi.

Ni msusi, nasukia Mbagala. Nina miaka 35 na binti mmoja ambaye yuko darasa la kwanza. Tangu Machi 2018 nakunywa methadoni, dawa ya maji wanayopewa watu wanaoacha heroini, katika kliniki ya hospitali ya serikali hapa Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilivuta unga, yaani heroini, miaka sita, nikajidunga miaka mitatu. Jina la kliniki yangu silitaji. Kwenye foleni yetu wamo walinzi, madereva, baba za watu ambao wake zao wanajua tu kwamba mume anawahi kazini, na sitaki mtu aende kusimama getini kuhesabu nani anaingia. Anayeitafuta huduma hataikosa. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha za mikoani, Dodoma, Mwanza, Mbeya, Tanga, na Zanzibar wanayo ya Kidongo Chekundu.

Dirisha ni dirisha kweli, lina nondo. Linafunguliwa saa moja asubuhi, na siku nyingi saa kumi na mbili na nusu mimi nimeshafika, maana nikichelewa jua linanikuta foleni na wateja wangu wanakaa kwenye benchi wakinisubiri. Unatoa kadi. Sista anatazama picha, halafu anakutazama wewe. Anakusalimia, anakuuliza umelalaje, umekula nini. Mgeni anadhani ni maongezi ya kawaida, kumbe anakupima. Anaangalia macho kama yanafumba, anasikiliza ulimi kama umekuwa mzito, anavuta harufu. Ukija umelewa pombe au umemeza Valium, vile vidonge vya usingizi, dozi inapunguzwa au unarudi bila kitu, na hata ugaegae pale chini haongezi tone. Mwanzoni nilimchukia sana yule mama. Nilikuja kumwelewa siku kijana mmoja alipoanguka kituo cha daladala, alikuwa amekunywa dozi yake vizuri kabisa, kisha akaenda kumeza vidonge vya Valium juu yake. Methadoni peke yake inajulikana inakwenda wapi. Ikikutana na Valium au pombe zinashirikiana kulaza kifua, mtu anasahau kupumua.

Akiridhika, sista anabonyeza pampu, na dawa inaingia kwenye kikombe cha plastiki kwa miligramu zilizoandikwa kwenye faili lako. Unameza mbele yake. Unaongezewa maji, unasukutua, unameza tena, kisha unataja jina lako kwa sauti ili ajue mdomo uko mtupu, kwa sababu wapo waliokuwa wanaibana shavuni na kwenda kuitema nje waiuze. Ladha yake ni uchungu. Kazi yote ni dakika mbili na haina malipo. Mwishoni mwa maisha yale mengine nilikuwa nateketeza shilingi 20,000 kwa siku kwenye kete, vile vifurushi vidogo vya unga. Leo natoa nauli, 600 kwenda na 600 kurudi.

Anayetaka kuelewa kwa nini mtu mzima anapanga foleni kila siku ya Mungu kwa ajili ya kikombe cha dakika mbili, lazima kwanza aijue arosto, yale mateso ya mwili unapoukosa unga. Nitaieleza, kwa sababu ndugu zetu wengi wanaichukulia kama deko.

Masaa sita mpaka kumi na mawili baada ya kete ya mwisho, unaanza kupiga miayo. Miayo, machozi, kamasi kama maji. Halafu mifupa, kiuno na magoti hasa, kama kuna mtu ndani yake anachokonoa kwa msumari. Vinyweleo vinasimama wima, unatoka jasho huku unajifunika blanketi mwezi wa kwanza, Dar hii. Unaharisha, unatapika, usiku miguu inajirusha yenyewe. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele chake. Ikifika wiki, mwili unaanza kutulia. Na hapo ndipo familia nyingi zinapodanganyika. Wanasema, kumbe ni wiki moja tu? Basi tumfungie chumbani wiki moja.

Nilifungiwa. Mara mbili na kaka yangu, mara ya tatu kwenye nyumba moja ya kurekebisha watumiaji ambayo mama aliilipia kwa kuuza friji lake la biashara ya barafu. Mlango ulikomewa kwa nje. Arosto ilitibiwa kwa ndoo ya maji ya baridi alfajiri, na aliyelia usiku alichapwa kwa kipande cha mpira wa bomba. Miezi mitatu. Nilitoka nimenenepa, ngozi inang'aa, mama akawaalika majirani wakala pilau. Siku ya pili nilikuwa maskani, kijiweni kwetu wavuta unga. Sisemi nyumba zote za upataji nafuu ziko hivyo. Nawafahamu watu waliotoka soba hausi za Unguja ambao mpaka leo hawajagusa kitu, na wenyewe wanaziongelea kwa mapenzi. Nasema tu kwamba mimi nililipiwa kufungwa, na kufungwa kulinitoa unga mwilini bila kuutoa kichwani.

Na kuna jambo la hatari hapo ambalo hakuna aliyetuambia wakati ule. Mwili ukikaa bila unga unasahau mazoea yake. Shoga yangu, tuliyekuwa tunalala naye kwenye banda moja nyuma ya gereji, alikamatwa akakaa gerezani miezi sita. Alitoka Ijumaa. Jumamosi jioni alijidunga kiasi kilekile alichokiacha siku ya kukamatwa, na sindano ilikuwa bado mkononi alipokata roho. Tulidhani amezidiwa na stimu, tukampepea, tukammwagia maziwa mdomoni. Midomo ilikuwa imeshakuwa ya bluu. Baadaye nilikuja kujifunza kliniki kwamba ipo dawa inaitwa naloksoni, ambayo inamrudisha mtu wa namna hiyo ndani ya dakika chache ikiwahi, na kwamba wakati unaisubiri unatakiwa umpulizie pumzi na umlaze ubavu. Pale bandani tulikuwa watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua hata hilo la kumlaza ubavu. Nimelibeba hilo tangu 2016.

Nirudi kwenye huduma. Mnasihi wetu alitueleza dawa inavyofanya kazi kwa mfano wa daladala, nami nimeukopa kwa kila anayeniuliza. Kwenye ubongo kuna viti. Unga unapanda kwa vurugu, unakaa kitini masaa machache, unashuka, na kiti kikibaki kitupu ndiyo arosto. Methadoni inapanda taratibu, haina kelele, inakaa kiti kilekile siku nzima na zaidi. Unga ukija unakuta kiti kina mtu. Ndiyo maana aliyefikia dozi yake sawasawa hata akidanganyika kununua kete anaona amepoteza pesa tu.

Mama mdogo wangu ananiambia hadi leo kwamba nimeacha ulevi wa mtaani nikachukua wa serikali. Nimemjibu mara nyingi, na hapa namjibu tena kwa ukweli wote. Ni kweli mwili wangu unaitegemea dawa hii. Nikikosa siku mbili, miayo inarudi. Lakini mama mdogo, mimi sasa hivi nina kitambulisho cha NIDA, nina laini ya simu yenye jina langu, nina wateja ambao wananiachia pochi zao kitini wanapokwenda kujisaidia. Dawa hii hainipi stimu. Nikishaimeza napanda gari nakwenda kusuka rasta masaa saba bila mkono kutetemeka. Mwenye kisukari na sindano yake ya insulini hujamwita mlevi wa serikali.

Kuingia kwenyewe kulikuwa na hatua. Hukurupuki tu na kwenda dirishani. Mimi nilifuatwa maskani na dada mwelimishaji wa asasi moja, naye mwenyewe aliwahi kutumia, alikuwa anatugawia kondomu na kutukataza kupeana sindano. Alikuja wiki sita mfululizo kabla sijamkubalia. Alinikuta katika hali ambayo naandika kwa uchungu. Wanawake maskani tulifikia kusaidiana kwa damu. Mwenye pesa anajidunga, kisha anavuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake mwenye arosto, akiamini ndani yake kuna unga uliobaki. Tuliona ni huruma. Kilichokuwa kinapita pale ni virusi vya Ukimwi na homa ya ini, unga hamna. Yule dada ndiye wa kwanza kuniambia hivyo bila kunigombeza.

Kliniki walinipima mkojo kuthibitisha kwamba kweli natumia, wakaangalia mikono, wakapima VVU, kifua kikuu na homa ya ini. Majibu yangu ni yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba dawa za magonjwa hayo zinatolewa palepale, na wanajua jinsi zinavyogongana na methadoni. Mzee mmoja wa foleni yetu alipoanza dawa za kifua kikuu, arosto ilimrudia ingawa dozi ni ileile. Alikuwa karibu kurudi mtaani. Daktari alimweleza kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, inaifanya methadoni iondoke mwilini haraka, akampandishia dozi hatua kwa hatua mpaka akatulia. Kwa hilo nawapa sifa zote. Angekuwa anatibiwa vitu viwili sehemu mbili, nani angejua?

Walinianzishia miligramu 20. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, lazima nikuambie, kwa sababu wengi wanakimbia hapo. Asubuhi unajisikia mtu, usiku wa manane miayo ileile. Unasema dawa yao ni maji. Unataka kuongezea na kete moja tu ulale. Sista alinishika mkono siku ya tatu akaniambia: "Mwanangu, dawa hii inajikusanya. Kipimo cha kesho ni kilekile lakini nguvu yake ni zaidi ya leo. Wanaokufa huku, wanakufa wiki hizi mbili za mwanzo, kwa kuongezea." Niliongezea mara moja. Nililala masaa kumi na sita na mama akanikuta nakoroma kwa sauti ambayo si ya usingizi. Sikurudia. Mwezi na nusu baadaye nilifika miligramu 80, na asubuhi moja nikiwa kwenye daladala nikagundua nimepita kituo cha maskani bila kugeuza shingo.

Sasa nieleze lililonifanya niandike, hasa kwa ajili ya wanawake.

Unga unavuruga siku za mwanamke. Mimi sikuziona kwa muda mrefu, nikaamini nimekuwa mgumba, na wengi maskani wanaamini hivyohivyo. Ukianza methadoni, ukala, ukalala, mwili unarudi kwenye kazi zake. Hakuna aliyenikumbusha kwamba na mimba inarudi. Mwanzoni mwa 2019 nilikwenda kwa daktari wa kliniki nikilalamika kwamba dawa inanivimbisha tumbo. Ilikuwa mimba ya miezi minne.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuacha dawa siku hiyohiyo, nisimlishe mtoto sumu. Shangazi zangu wote walikuwa upande huo. Daktari aliniketisha karibu saa nzima. Alisema nikiacha ghafla, arosto nitakayoipata mimi ataipata na mtoto tumboni, na mimba inaweza kutoka au uchungu ukaja kabla ya wakati wake. Mjamzito aliyezoea unga au methadoni anaambiwa abaki kwenye methadoni, haambiwi akate. Miezi ya mwisho hata ile 80 ikawa haifiki jioni, kwa kuwa mwili wa mjamzito unaitumia haraka, wakanipandisha mpaka 100. Nyumbani hawakuniamini mpaka mama alipokuja mwenyewe kuongea na daktari. Alitoka amenyamaza. Tangu siku ile alikuwa ananiamsha yeye niwahi foleni.

Kujifungua nilijifungulia hospitali nyingine, nayo siitaji. Mkunga alipoona mikono yangu alisema mbele ya wodi nzima, "Na mateja nao wanazaa siku hizi?" Akanihamishia kitanda cha mwisho karibu na choo. Binti yangu alizaliwa na kilo 2.7. Siku ya pili akaanza kulia kilio chembamba kisichobembelezeka, mikono ikitetemeka, hashiki ziwa vizuri, anapiga chafya mfululizo. Nilikuwa nimeambiwa mapema kliniki kwamba mtoto anaweza kupata arosto yake mwenyewe, kwamba inatibika, na kwamba nisikubali mtu aifiche. Kwa hiyo nilisimama, na mshono wangu, nikamwambia daktari wa watoto kila kitu, jina la dawa na miligramu zake. Yeye alikuwa muungwana. Tulikaa siku kumi na mbili. Nilimlaza kifuani ngozi kwa ngozi, taa zimezimwa, nikamnyonyesha, kwa sababu methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno na kunyonyesha kunampunguzia mtoto ile hali. Leo anasoma silabi, ananisahihisha.

Nasema haya kwa dada yoyote aliye kwenye unga na ana mimba: kama lazima uchague mlango mmoja wa kuingia wiki hii, uwe huu. Usiache mwenyewe chumbani.

Lawama zangu sasa, na ninazo.

Muda. Dirisha linafungwa mchana, na kila siku ni kila siku, Idi, Krismasi, mvua ya masika ikiwa imeziba njia. Ukikosa siku tatu mfululizo dozi inashushwa na unaanza kupanda tena, na sababu yao ni ya haki kabisa, mwili umeshaanza kusahau. Lakini nani anaajiri mtu ambaye kila asubuhi lazima achelewe na hawezi kusema anatoka wapi? Vijana wetu wengi wamepoteza vibarua kwa hilo. Mimi nimepona kwa kuwa msusi anajiajiri. Dirisha moja la jioni, hata masaa mawili tu, lingeokoa kazi za watu wengi, na kazi ndiyo inayomweka mtu mbali na maskani baada ya kikombe. Mtu akimaliza kunywa saa mbili asubuhi na hana pa kwenda mpaka usiku, anarudi kwa watu anaowafahamu. Wapo walioacha unga kabisa na sasa wanakunywa gongo tangu saa nne.

Safari. Baba yangu alifariki 2021, kijijini kwetu wilaya ya Masasi. Ukisafiri kwenda mji wenye kliniki unaandikiwa barua unakwenda kunywea huko. Kijijini kwetu hakuna dirisha. Nilikunywa asubuhi, nikapanda basi, nikazika kesho yake saa saba mchana, na jioni ileile nikapanda basi la kurudi, pua inachuruzika, watu wakidhani ni kilio. Nilikuwa mtoto wa kwanza kuondoka msibani. Ndugu wa kule hawajanisamehe na sijui niwaeleze nini. Tangu mwaka jana nimekuwa miongoni mwa waliotulia muda mrefu ambao wanapewa dozi za kwenda nazo nyumbani, kwangu ni Jumamosi na Jumapili. Zingekuwepo wakati ule ningemlilia baba yangu mpaka arobaini. Naomba zipanuliwe, na ninajua kwa nini wanaogopa. Dozi yangu mimi inaweza kumuua mtoto akiinywa. Chupa zangu nazifungia kwenye kisanduku cha bati chenye kufuli, juu ya kabati, na ufunguo nautembeza shingoni. Binti yangu akiuliza, namwambia ni dawa ya mama peke yake, basi.

Na foleni ya wanawake haipo. Katika mamia ya watu tunahesabika kwa vidole, tunasimama katikati ya wanaume ambao wengine tulishawahi kuwa nao maskani, na wanaotukumbuka wanatukumbusha. Najua wanawake watatu walioacha kuja kwa sababu hiyo na si kwa sababu nyingine. Kuwatanguliza wanawake wenye watoto mgongoni hakuhitaji bajeti.

Lingine ni la kujua tu, wala si lawama. Dawa hii ni ya watu wa heroini na vitu vya jamii yake. Haitibu bangi, mirungi, pombe wala Valium. Mama mmoja alimleta mwanawe kutoka Chanika, kijana anakula mirungi na kuchanganya na pombe kali, akasikitika walipomwambia methadoni haimhusu, wakampeleka kwa wanasihi na daktari wa akili. Alidhani wamembagua. Hawakumbagua. Wangempa, wangemfundisha kitu kipya. Naye wa tramadoli aende akaongee nao bila kuona kwamba chake ni "vidonge tu vya maumivu". Vinakalia viti vilevile.

Maudhi madogo ya dawa ni choo kigumu, kula mapapai na kunywa maji mengi. Jasho, usiku hasa. Mdomo mkavu, na meno yanaharibika usipopiga mswaki. Mimi nimeng'oa mawili.

Ningeambiwa nigawe nyota, dawa yenyewe ningeipa tano. Wahudumu nne, kwa ajili ya yule sista wa dirishani ambaye angekuwa peke yake ningempa tano. Saa za huduma mbili.

Wengi wananiuliza utaacha lini. Niko miligramu 55 sasa. Nashuka mbili au tatu, nakaa wiki kadhaa, nasikiliza mwili, na mwaka juzi nilikimbilia kushuka mpaka nikaanza kuota maskani usiku, nikamwomba daktari anirudishe juu. Alinirudisha bila neno. Wapo waliomaliza na kuaga kabisa, wapo walio humo miaka kumi na zaidi na wanajenga. Sina haraka. Nilianza unga kwa dakika moja, na sikujua hata kwamba ni unga. Mpenzi wangu alinipa msokoto, akaniambia ni bangi ya Malawi, nilikuwa na miaka 19, kumbe ni kokteli, ndani yake kasokota na unga. Kwa hiyo sijali kutoka kwa miaka.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza: usiende peke yako, nenda na ndugu au mtu wa asasi, maana siku hiyo ni ndefu na karatasi ni nyingi. Kunywa chai kabla. Beba chupa ya maji na kitenge cha kukalia. Dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, zitaje. Kama umetumia asubuhi hiyo, sema umetumia, hawaiti polisi, na wakijua ukweli ndipo wanajua pa kuanzia. Ukifika getini uliza dirisha la methadoni. Mlinzi wetu zamani alikuwa anajibu kwa sauti, "Mateja kule nyuma," akinyoosha kirungu. Siku hizi anasema, "Pita kulia, dada, utakuta wenzako wamekaa."